Picha Safi

Uliketi mbele yangu, Abwooli, Jumatatu ya mvua,
vidole vimetobolewatobolewa na sindano.
Ukasema kinauma hapa, juu ya nyusi,
jioni zaidi, nikiwa kwenye sare za shule.

Nikakupima kwa mikono, kama nilivyofunzwa.
Fuata kidole changu. Ukakifuata.
Tabasamu. Mdomo ukapanda pande zote mbili sawia.
Magoti nikayagonga, yakaruka.
Nikachungulia jicho kwa kitochi changu,
kila mshipa uko mahali pake.
Nikakuomba usome kalenda ya mezani,
ukaisogeza mbali, ukaisogeza tena,
mpaka mkono ukaisha.

Nikajua.
Ungekuwa dada yangu ningekwambia:
nenda kwa yule muuza miwani kando ya soko la Mpanga,
elfu thelathini, na ubadilishe taa.

Lakini chumbani tulikuwa watatu.
Hukumwona. Alikuwa ameegemea mlango,
Araali, yule kijana wa Rwabwogo,
aliyekuja na kichwa kama chako, au si kama chako,
akapewa panado na maneno mema,
siku ya nne akazikwa.
Rwabwogo nimesoma naye. Tulilala kitanda cha ghorofa,
yeye juu, mimi chini, akinisomea mifupa gizani.
Leo anauza dawa ya kupe Kyenjojo.
Mwanasheria alimwuliza swali moja tu:
Picha iko wapi, daktari?
Habari ya mikono hakuuliza.
Mikono haina muhuri.

Basi kalamu ikaenda yenyewe.
Skani ya kichwa, Mbarara.
Damu, ya kila namna.
Nikaongeza na figo,
maana karatasi ilikuwa bado na nafasi.
Chini nikaandika: kuondoa shaka.
Shaka ya nani, sikuandika.

Ukauliza ni kiasi gani. Nikakitaja nikitazama dirisha.
Ukauliza tena, polepole,
kama fundi anayerudia kupima kitambaa
kabla ya kuingiza mkasi.
Kisha ukaikunja karatasi, ndogo, ndogo zaidi,
ukaitia kifuani.

Wiki tatu.

Ukarudi na bahasha pana kuliko mabega yako.
Nikaibandika picha kwenye mwanga:
ubongo umetulia ndani ya fuvu
kama karanga ndani ya ganda lake.
Hakuna uvimbe. Hakuna damu. Safi.
Nikashusha pumzi,
na nakiri leo, nilishusha kabla yako.

Na kichwa, Abwooli, kinaendeleaje?

Ukacheka, kiganja mdomoni.
Kimepona, daktari.
Kimepona tangu siku ile nilipouza cherehani.

Ukaniachia mkungu wa ndizi pale mlangoni,
pale pale aliposimama Araali.
Ukaniombea kwa Mungu, ukasema
hakuna mtu aliyewahi kukutazama mpaka ndani ya fuvu,
hata marehemu mumeo.
Nikaitika, asante.
Ningesema nini? Miwani? Sasa ya kusomea nini?

Faili lako nimelifunga. Limenona.
Lina mihuri mitano na sahihi yangu kila ukurasa,
na ukurasa wa kwanza, ule wa mikono,
una mstari mmoja: hali nzuri.
Akija mtu wa kuuliza, atapewa kiti na chai.
Nalala vizuri, kama unataka kujua.
Karibu kila usiku.

Muhula umefunguliwa.
Binti yangu amesimama katikati ya sebule
na sketi ya dukani, imetoka Kampala,
inafagia viatu.
Anauliza yule mama wa barazani kahamia wapi,
nani sasa ataipunguza.
Mama yake hayupo.
Nimepiga magoti sakafuni, pini nne mdomoni,
napima kwa mikono.